Dodgers au Yankees: Je, Tiketi ya Jumla ya Shilingi 8,000 Inalipa?

Ukumbi mmoja wa kuonyeshea mpira ulio karibu na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, umetangaza kwamba utaonyesha mechi zote za fainali ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ile inayoitwa World Series, kuanzia usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 26 Oktoba 2024. Kiingilio cha mechi moja ni shilingi 1,500. Anayetaka kulipia mfululizo mzima kwa mkupuo mmoja anatoa shilingi 8,000, jina lake linaandikwa kwenye daftari la mlangoni, na fedha hiyo hairudishwi hata kama fainali itamalizika mapema. Hapo ndipo penye swali, kwa sababu bingwa ni yule atakayetangulia kushinda mechi nne, na kwa hiyo fainali inaweza kwisha kwa mechi nne tu au ikafika saba. Ikiisha kwa nne, mwenye tiketi ya jumla atakuwa amepoteza shilingi 2,000; ikiisha kwa tano, atapoteza 500; ikifika sita, atakuwa ameokoa 1,000, na ikifika saba ataokoa 2,500. Huwezi basi kuipima tiketi hii bila kuzipima kwanza timu zenyewe, Los Angeles Dodgers na New York Yankees, na ndivyo nitakavyofanya hapa kabla ya kurudi kwenye viti, chai na jenereta.

Nimehudhuria ukumbi huo tangu nusu fainali zilipoanza katikati ya mwezi huu, nikilipa mechi moja moja, na kati ya mechi 11 za nusu fainali zote mbili nimetazama saba mpaka mwisho. Besiboli nilifundishwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani tuliyefanya kazi pamoja katika shule moja ya sekondari mkoani Iringa, mtu aliyechora mistari ya uwanja kwa chokaa kwenye kiwanja cha wanafunzi na kutugawia glavu nane, ilhali timu inayolinda uwanja ina watu tisa, kwa hiyo siku zote mmoja wetu alisimama pembeni akidaka kwa mikono mitupu. Kutoka kwake ndiko nilikolipata neno homurani, ambalo nitalitumia kwa pigo linalopeleka mpira nje ya uzio na kumruhusu mpigaji azunguke vituo vyote vinne bila kuzuiwa na mtu. Wenzangu wengi pale ukumbini ni watu wa mpira wa miguu. Jioni ya Jumamosi tarehe 19 Oktoba ukumbi ulifurika mpaka watu wakasimama mlangoni kwa ajili ya Simba na Yanga. Saa tisa usiku uleule, kwenye viti vilevile, tulikuwa watu kumi na mmoja tukiwatazama Yankees wakicheza na Cleveland Guardians.

Tuanze na historia, kwa kuwa ndiyo inayonipa hoja ya kwanza kuhusu tiketi. Kabla ya mwaka huu wa 2024, timu hizi zilikuwa zimekutana katika fainali hii mara 11, Yankees wakashinda 8 na Dodgers 3. Mara saba za mwanzo Dodgers walikuwa bado timu ya Brooklyn, jirani kabisa wa Yankees katika jiji moja la New York, kabla ya kuhamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957. Ukizihesabu fainali hizo 11, utaona kwamba 8 zilifika mechi ya sita au ya saba, na ni tatu tu, za 1941, 1949 na 1963, zilizoisha mapema zaidi. Mara ya mwisho walipokutana, mwaka 1981, Dodgers walipoteza mechi mbili za kwanza kisha wakashinda nne mfululizo. Aliyeugeuza mwendo huo ni kijana wa miaka 20 kutoka Mexico, Fernando Valenzuela, ambaye katika mechi ya tatu alirusha mpira mara 147, akawaacha Yankees wafunge pointi 4 lakini akabaki uwanjani mpaka timu yake ikashinda 5 kwa 4. Valenzuela amefariki dunia Jumanne wiki hii, tarehe 22 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 63, na naamini uwanja wa Los Angeles utakuwa na huzuni ya kweli mechi ya kwanza itakapoanza.

Najua kwamba timu za 1981 hazichezi usiku wa Jumamosi. Msimu huu, hata hivyo, umetoa namba zinazokaribiana mno. Dodgers walishinda mechi 98 na kupoteza 64, rekodi bora kuliko timu zote 30 za ligi. Yankees walishinda 94 na kupoteza 68, rekodi bora katika upande wao, yaani ile nusu ya ligi inayoitwa American League. Yankees walipiga homurani 237 na kuongoza ligi nzima. Dodgers walipiga 233. Walipokutana mwezi Juni huko New York kwa mechi tatu, Dodgers walishinda mbili na Yankees moja, ingawa ni haki kueleza kwamba Juan Soto wa Yankees hakucheza mechi hizo kwa sababu ya maumivu ya mkono. Mtu akiniambia kwamba upande mmoja utafagia mechi nne bila jibu, nitamuuliza ameona nini ambacho hakimo katika namba hizi.

Tofauti ya kweli baina yao iko katika namna wanavyopiga, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Yankees wana wapigaji watatu wa kutisha. Aaron Judge, mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, msimu huu amepiga homurani 58, ameingiza pointi 144 na kuwa na wastani wa .322, yaani pigo safi mara 32 katika kila majaribio 100, ambao ni wastani wa juu sana katika mchezo huu. Soto amepiga homurani 41. Giancarlo Stanton, wa tatu, amekuwa moto katika hatua hii ya mtoano: homurani nne katika mechi tano dhidi ya Guardians, na tuzo ya mchezaji bora wa nusu fainali ikawa yake. Baada ya hao watatu, hata hivyo, mrushaji wa timu pinzani, yule anayemrushia mpigaji mpira, anapumua. Wapo wapigaji wazuri, akiwemo Gleyber Torres anayefungua safu na kufika kituoni mara kwa mara, lakini sehemu ya mwisho ya safu hiyo haimnyimi mtu usingizi. Na Judge mwenyewe, pamoja na ukubwa wake wote wa msimu, katika mtoano huu amepata mapigo 5 tu katika majaribio 31. Amekuwa akiikimbilia mipira inayopinda na kushuka nje ya eneo lake la kupiga, na kila anapoukosa, anautazama uwanja kwa sekunde moja kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

Soto ni habari nyingine, na nitalieleza pigo lake moja kwa sababu ndilo lililonifanya niheshimu upande huu. Ilikuwa mechi ya tano dhidi ya Guardians, ile ya usiku wa Simba na Yanga niliyoitaja. Kwetu kulikuwa kumeshapambazuka, Jumapili, na kengele ya kanisa ilikuwa imeanza kulia upande wa pili wa barabara. Matokeo yalikuwa 2 kwa 2, mchezo umevuka awamu tisa za kawaida, ambazo katika kila moja kila timu hupata zamu ya kupiga, na kuingia ya kumi, wachezaji wawili wa Yankees wakiwa vituoni na wawili wakiwa wameshatolewa, hivyo Soto akitolewa, nafasi imekwisha. Mrushaji wa Guardians, Hunter Gaddis, alimpeleka haraka kwenye ukingo wa kutolewa. Soto akafupisha mwendo wa gongo, akawa anaugusa mpira kidogo tu ili utoke pembeni na usihesabiwe dhidi yake, na kila baada ya rusho alikuwa akitikisa kichwa kumwelekea mrushaji, kana kwamba anamwambia, nimekuona, leta lingine. Alikuwa anamsoma. Rusho la saba lilikuja la kasi na la juu, naye akalipiga likavuka uzio wa kati. Yankees 5, Guardians 2. Mama anayetuuzia chai, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi bila kumimina, alisema tu, “Ndaga,” yaani asante kwa Kinyakyusa, kama mtu aliyepewa zawadi, kisha akakumbuka vikombe vyetu.

Dodgers hawana uvumilivu wa aina hiyo kwa mtu mmoja. Wanao kwa safu nzima, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalowaweka mbele. Anayefungua safu ni Shohei Ohtani, Mjapani ambaye msimu huu amekuwa mtu wa kwanza katika historia ya ligi hiyo kupiga homurani 50 na kuiba vituo 50 katika msimu mmoja, akamaliza na homurani 54 na vituo 59. Kwa asiyejua, kuiba kituo ni kukimbia kutoka kituo ulichopo kwenda kinachofuata wakati mrushaji anarusha, kabla walinzi hawajakuwahi. Watu wenye nguvu za kupiga kama zake kwa kawaida hawana miguu ya namna hiyo. Mwaka huu harushi mpira kwa sababu alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka jana, lakini kama mpigaji peke yake anatosha kuharibu usiku wa mrushaji yeyote tangu rusho la kwanza. Akitoka yeye anaingia Mookie Betts, kisha Freddie Freeman, kisha Teoscar Hernández mwenye homurani 33 msimu huu. Mrushaji akidhani amevuka mlima, anakutana na Max Muncy, ambaye katika nusu fainali dhidi ya New York Mets alifika kituoni mara 12 mfululizo bila kutolewa, na baada yake yupo Will Smith.

Yupo pia Tommy Edman. Huyu alikuja Los Angeles mwezi Julai akiwa majeruhi, na hakuna aliyemtaja miongoni mwa wakubwa. Katika mechi sita dhidi ya Mets aliingiza pointi 11 na kuchukua tuzo ya mchezaji bora. Katika mechi ya mwisho peke yake aliingiza nne, mbili katika awamu ya kwanza na mbili kwa homurani katika awamu ya tatu. Timu ambayo tuzo inakwenda kwa mtu wa aina ya Edman ni timu ambayo huwezi kuizima kwa kumzima mmoja, na ndiyo maana nikiwatazama Dodgers naona kazi ngumu kwa mrushaji kuanzia wa kwanza mpaka wa tisa.

Kwa warushaji, mizani inaegemea upande wa pili, angalau mwanzoni mwa kila mechi. Yankees wataanza na Gerrit Cole, mshindi wa tuzo ya mrushaji bora wa upande wao mwaka 2023, ambaye mwaka huu alichelewa kuanza kwa sababu ya kiwiko na kurejea mwezi Juni. Anafuatwa na Carlos Rodón, kisha Clarke Schmidt. Dodgers wanaanza na Jack Flaherty, mtu asiyetabirika: katika mechi ya kwanza dhidi ya Mets alicheza awamu saba bila kuruhusu hata pointi moja, na katika mechi ya tano aliruhusu pointi nane katika awamu tatu. Baada yake ni Yoshinobu Yamamoto, ambaye namwamini zaidi. Mwezi Juni, katika uwanja wa Yankees wenyewe, alicheza awamu saba bila pointi. Na tarehe 11 mwezi huu, katika mechi ya uamuzi dhidi ya San Diego Padres, alishindana na Yu Darvish, ikiwa ni mara ya kwanza Wajapani wawili kuanza kama warushaji katika mechi moja ya mtoano wa ligi hiyo, na Dodgers wakashinda 2 kwa 0. Niliwaza sana usiku ule juu ya mwalimu wangu wa Iringa. Wa tatu ni Walker Buehler, ambaye kiwiko chake kimeshafanyiwa upasuaji mkubwa mara mbili. Mrushaji wa nne hawana. Mechi ya nne wanatarajiwa kuicheza kwa kubadilishana warushaji wa akiba, kila mmoja kipande kidogo.

Wengi pale ukumbini huona mtindo huo kama dalili ya udhaifu. Aliyenieleza vizuri zaidi kwa nini si udhaifu ni mzee mmoja, dereva wa malori ya njia ya Tunduma, ambaye hulaza gari Mbeya na kuja kutazama nasi kabla ya kuendelea na safari alfajiri. Nilikuwa nimemwamkia na kukaa karibu naye tulipokuwa tukiitazama mechi ya sita ya Dodgers na Mets, ambayo Dodgers waliiendesha kwa namna hiyo mwanzo hadi mwisho.

“Mwalimu,” akaniambia, “hawa wanabadilishana usukani. Mmoja Chalinze, mwingine Mikumi, mwingine anapanda Kitonga. Wale Yankees wana dereva mmoja hodari sana, lakini wanamwacha mpaka anafika Makambako macho mekundu, ndipo wanatafuta wa kumpokea.”

“Na wa kumpokea akiwepo, mzee?”

“Akiwepo sawa. Shida ni akiwa naye kalala.”

Alikuwa anasema kweli kuhusu Yankees. Mrushaji wao wa kumalizia, Luke Weaver, amekuwa hodari msimu huu, lakini katika mechi ya tatu dhidi ya Guardians, akiwa amebaki mpigaji mmoja tu wa kumtoa ili kumaliza kazi, aliruhusu homurani ya kusawazisha, na Clay Holmes aliyempokea akaruhusu nyingine ya kupoteza mchezo katika awamu ya kumi. Warushaji wa akiba wa Dodgers, Blake Treinen na wenzake, walishiriki katika mfululizo wa awamu 33 bila timu pinzani kupata pointi hata moja, kuanzia mechi za mwisho na Padres mpaka mwanzo wa zile za Mets, mfululizo unaolingana na rekodi ya mtoano iliyowekwa na Baltimore Orioles mwaka 1966. Wasiwasi wangu ni uchovu wao. Mechi za fainali zimepangwa mbili Los Angeles, tatu New York, kisha mbili Los Angeles, na siku ya mapumziko ipo tu wakati wa kusafiri. Katika zile tatu za katikati, usiku baada ya usiku, madereva wote wa akiba watakuwa wameshakaa kwenye usukani, na hapo Yankees wanaweza kuchukua mbili. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niamini kwamba fainali haitakwisha haraka.

Viwanja vyenyewe vinaongeza hoja hiyo. Uwanja wa Dodgers, uliofunguliwa mwaka 1962 na unaochukua watu 56,000, una uzio wa pembeni ulio umbali wa takriban mita 100, kwa hiyo homurani ya pale huwa imepigwa barabara. Wa Yankees una kona ya kulia iliyo karibu, kama mita 96, na mpigaji anayetumia mkono wa kushoto anaweza kupata homurani kwa pigo ambalo Los Angeles lingedakwa na mlinzi. Soto anatumia mkono wa kushoto. Wanautumia vilevile Ohtani, Freeman na Muncy, kwa hiyo kona hiyo haitaangalia jezi. Tutarajie pointi nyingi usiku wa kuamkia tarehe 29, 30 na 31.

Kuhusu ulinzi na mbio za vituoni nitasema machache: Yankees wananitia shaka. Nimewaona wakirusha ovyo na wakikimbia bila kuangalia mpira uko wapi, na dhidi ya timu inayosubiri kosa, hilo ni deni. Makocha Dave Roberts wa Dodgers na Aaron Boone wa Yankees wote wawili wamelaumiwa sana na mashabiki wao kwa miaka, na sioni tofauti kubwa kati yao inayoweza kubadilisha hesabu yangu.

Sasa huduma yenyewe. Kitambaa cha kuonyeshea ni kikubwa na safi, projekta inatoa picha angavu kiasi cha kuona mshono wa mpira kamera inapousogelea, na viti, ingawa ni vya plastiki, vimepangwa kwa nafasi ya kutosha kunyoosha miguu. Sauti ya watangazaji ni ya Kiingereza, lakini mwenye ukumbi huipunguza na kuruhusu mmoja wetu aeleze kwa Kiswahili, na ameweka ubao mweusi mbele ambapo hali ya vituo inachorwa kwa chaki baada ya kila mpigaji. Ubao huo ndio kitu bora kabisa katika huduma hii. Mtu aliyeingia akiwa hajui chochote hutoka akiwa anajua kwa nini uwanja mzima umesimama. Jiko la mkaa limewekwa barazani, si ndani, jambo la busara. Baridi ya Oktoba si ile ya Juni na Julai, lakini saa kumi usiku upepo unaoshuka kutoka mlima Loleza bado unahitaji koti zito. Chai ya maziwa ni shilingi 500, chapati 500, na maharage yanaiva awamu ya sita au ya saba hivi.

Kasoro ipo moja na ni kubwa. Katika ile mechi ya sita ya Dodgers na Mets, umeme ulikatika katika awamu ya tatu, na jenereta halikuwa na petroli. Kijana alitumwa na dumu kwenda kituo cha mafuta, na picha iliporudi, dakika ishirini zilikuwa zimepita. Homurani mbili za Dodgers, ya Edman na ya Will Smith, tulizikosa zote. Tuliziona kwenye marudio tu. Mwenye ukumbi aliomba radhi, akatoa chai bure kwa kila mtu, na Jumatano nilipokwenda kuuliza habari za tiketi alinionyesha madumu mawili yaliyojaa nyuma ya mlango. Nimeridhika na juhudi hiyo, ila nashauri atangaze wazi kwamba picha ikikatika kwa zaidi ya nusu saa, mtazamaji atarudishiwa kiingilio cha mechi hiyo. Anayelipa shilingi 8,000 mapema anastahili ahadi ya namna hiyo iliyoandikwa. Vilevile ukumbi haujapanga usafiri. Anayetoka Uyole au Iyunga inampasa akubaliane mapema na dereva wa bajaji, kwa sababu saa nane usiku hutampata wa kubahatisha, na bodaboda kwa baridi ile simshauri mtu.

Hesabu yangu ni kwamba Dodgers watashinda katika mechi ya sita. Safu yao ya upigaji ni ndefu zaidi, warushaji wao wa akiba ni wa kuaminika zaidi, na Yamamoto atapata nafasi ya kurusha mara mbili. Yankees watapata ushindi wao kupitia Cole, Stanton na ile kona ya kulia. Ikitokea Judge ameamka, nitakuwa nimekosea mshindi, lakini basi fainali itakuwa ndefu zaidi na tiketi ya jumla itakuwa na thamani zaidi. Nimelipa shilingi 8,000 na jina langu ni la nne kwenye daftari. Kwa asiyeweza kuamka siku za kazi, ushauri wangu ni tofauti: alipie mechi za kuamkia Jumamosi na Jumapili tu, yaani tarehe 26 na 27 Oktoba, kisha tarehe 2 na 3 Novemba zikifika, na hatatumia zaidi ya shilingi 6,000.

Jambo moja linalonisumbua ni kifundo cha mguu wa kulia cha Freddie Freeman. Alikitegua tarehe 26 Septemba na amecheza mtoano huu akichechemea. Mechi ya sita dhidi ya Mets hakucheza kabisa, na kila pigo alilopata tangu mtoano uanze limemfikisha kituo cha kwanza tu. Mtu anayepiga gongo kwa mkono wa kushoto huutegemea mguu wa kulia kupokea uzito wote anapozunguka, na asipouamini, mpira hauendi mbali. Amepumzika karibu wiki nzima. Mlango unafunguliwa saa nane na nusu usiku na rusho la kwanza ni saa tisa na dakika nane. Mimi nitakuwa kiti cha mbele kushoto, karibu na ubao, na kitu cha kwanza nitakachokitazama awamu ya kwanza ni namna Freeman atakavyokanyaga akikimbilia kituo cha kwanza.